Paa la Zege Lisivuje Tena

Mazungumzo kwa wenye nyumba, mafundi, na kamati za shule na zahanati katika Garsen na bonde la Mto Tana



Ni vigumu kupata watu katika Kenya waliozoea maji kama watu wa Mto Tana. Mto huo, ulio mrefu kupita yote ya Kenya, hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupita nchi kavu, hushuka Hola na Garsen, na mwisho humiminika baharini karibu na Kipini. Mpokomo hupanda mpunga na migomba kwa kutazama kupanda na kushuka kwa maji. Morma huwaleta ng'ombe wake bondeni wakati wa kiangazi, na huwaondoa mafuriko yanapokaribia. Wote wawili wanajua jambo moja, kwamba maji hayazuiwi kwa ubishi, huonyeshwa njia. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuuunganisha Mto Tana na Mto Ozi. Mfereji ule ulikuwa mdogo, lakini maji yaliipenda njia ile, yakaipanua, hata mto wenyewe ukageuka na kushika njia ya Kipini.

Basi ni ajabu kwamba maarifa haya, ambayo mtoto wa Tana huyapata kabla ya kujua kusoma, husahauliwa mara mtu apandapo juu ya nyumba yake mwenyewe. Huko juu maji hayapewi njia. Hukusanyika, hukaa, hutafuta tundu, na hulipata. Ndipo mwenye nyumba humwita fundi apake saruji mahali panapodondoka. Mwaka wa pili maji hudondoka tena hatua mbili kutoka pale pa kwanza, na fundi huitwa tena.

Mazungumzo haya yahusu mapaa bapa ya zege, ambayo yameongezeka katika miji ya pwani na sasa yaonekana hata katika miji midogo ya bara. Yataeleza kwa nini mapaa hayo huvuja mara kwa mara hata baada ya kutengenezwa, na yampasayo mwenye nyumba kufanya ili yasivuje tena.

PAA LISILO KAMA MENGINE

Nyumba ya asili ya Waorma hujengwa kwa mviringo, mfano wa bakuli lililogeuzwa kifudifudi. Tone likianguka juu yake hushuka papo hapo. Paa la makuti huinamishwa sana kwa sababu hiyo hiyo, na paa la mabati pia huwa na mwinamo wake. Mapaa hayo yote yana tabia moja: maji hayakai juu yake. Hata yakiwa na tundu, maji mengi hulipita tundu hilo mbio mbio yakaanguka nje.

Paa bapa la zege halina msaada huo. Lina faida zake, na ndiyo sababu watu hulipenda. Haliliwi na mchwa wala haliungui upesi kama makuti, halichukuliwi na upepo, na mwenye nyumba aweza kujenga ghorofa nyingine juu yake siku atakapopata fedha. Juu yake huanikwa nguo na mahindi, huwekwa tangi la maji, na siku hizi sahani za televisheni na vioo vya umeme wa jua. Lakini maji yaliyoanguka juu yake hayaondoki kwa haraka. Huondoka tu kama aliyejenga aliwafikiria.

Yafaa kujua ni maji kiasi gani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Tuseme mwenye duka amejenga nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Paa lake ni mita za mraba 96. Mvua ya usiku mmoja ikifika milimita 40, jambo ambalo si geni katika masika, maji yatakayoanguka juu ya paa hilo ni lita 3,840, na uzito wake ni karibu tani 4. Maji hayo yote yana njia mbili tu: kutoka nje kwa mlizamu, au kuingia ndani ya duka, juu ya magunia ya unga na sukari.

WAZEE WA PWANI WALIVYOFANYA

Paa bapa si jambo geni lililoletwa na saruji. Watu wa pwani walilijua kwa muda wa karne nyingi. Karibu na mahali Mto Tana uingiapo baharini yako magofu ya mji wa Ungwana, ambayo mtaalamu James Kirkman aliyachimbua katika miaka ya 1950, kama alivyoyachimbua yale ya Gedi. Miji ya namna hiyo ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mfano ulio hai ni Lamu, ambayo Mji Mkongwe wake ulitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Katika nyumba kama hizo dari ilishikwa na boriti za mikoko. Boriti haziwezi kuvuka nafasi pana, kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba, karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Juu ya boriti walipanga mawe bapa, na juu ya mawe wakamwaga sakafu ya chokaa, mchanga na vipande vya matumbawe, kisha wakaipiga kwa vipande vya mti mpaka ikashikamana na kuwa ngumu. Kazi hiyo haikufanywa kwa haraka. Maji yalitolewa kwa milizamu iliyochomoza nje ya ukuta, ili yasiuloweshe ukuta wenyewe.

Hata hivyo wazee hao hawakudhani ya kuwa kazi imekwisha. Dari ilihitaji kutazamwa na kupakwa chokaa tena na tena. Na wengi katika Lamu, walipochoka na kuvuja, walisimamisha paa la makuti juu ya dari, wakapata kivuli, upepo na ukavu kwa pamoja. Mafunzo mawili yapatikana hapo. La kwanza ni kwamba paa bapa huishi kwa kutunzwa. La pili ni kwamba si aibu kuliwekea paa lenye mwinamo juu yake, kama njia nyingine zimeshindikana.

Tahadhari moja yafaa kwa wale wenye nyumba za kale za chokaa: wasizitengeneze kwa saruji. Saruji ni ngumu na haipumui. Chokaa ni laini na huenda pamoja na ukuta. Saruji ikipakwa juu ya chokaa hupasuka upesi, na maji yakiingia chini yake hayapati pa kutokea.

CHANZO CHA KUVUJA

Mapaa ya zege huvuja kwa sababu nyingi, lakini zile zinazojirudia hazizidi saba.

Ya kwanza ni kukosa mteremko. Fundi hulisawazisha paa kama sakafu ya chumba, naye husifiwa kwa kazi safi. Lakini hakuna sakafu iliyo sawa kabisa, na kila penye bonde dogo maji hutuama. Mwenye nyumba aweza kujipimia mwenyewe: apande juu siku mbili baada ya mvua kwisha, akiwa na kipande cha chaki. Palipo na dimbwi baada ya saa 48 apazungushie mstari. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Ya pili ni mlizamu ulioziba. Majani ya mwarobaini, mbegu za mathenge, manyoya ya ndege na mifuko ya plastiki hutosha kuugeuza mlizamu kuwa kizibo. Paa lenye mlizamu mmoja tu, ukiziba, huwa birika.

Ya tatu ni jua. Zege hutanuka mchana na kujikunja usiku. Paa la mita 12 likipata joto la nyuzi 25 zaidi ya lile la alfajiri hurefuka kwa karibu milimita 3. Ni kidogo kwa macho, lakini hutokea kila siku ya mwaka, na kuta zilizo chini yake hazirefuki kwa kiasi hicho. Kwa hiyo ufa hutokea pale paa linapokutana na ukuta. Halafu mvua ya kwanza ya masika hulikuta zege likiwa la moto, hulipoza kwa ghafula, na nyufa hufunguka wakati ule ule maji yanapofika.

Ya nne ni kikuta cha ukingoni. Wengi huzungushia paa kikuta cha mawe au matofali, nacho hujengwa siku nyingine, baada ya zege kukauka. Mahali hapo pana kiungo, na kila kiungo ni mlango. Maji ya mvua ya upepo hupiga kikuta, hushuka, na kuingia chini yake.

Ya tano ni nguzo za kesho. Karibu kila nyumba yenye paa bapa ina nguzo fupi zilizotokeza juu, na nondo zake zimesimama wazi, zikingojea ghorofa ambayo labda itajengwa baada ya miaka kumi. Maji huteremka kwa nondo hizo kama mtu ateremkavyo kwa ngazi, yakaingia ndani kabisa ya zege, na nondo zenyewe hushika kutu.

Ya sita ni zege lenyewe kuwa dhaifu. Fundi huongeza maji ili limwagike kwa urahisi. Maji hayo yakikauka huacha vijitundu visivyohesabika. Wengine hutumia mchanga wa pwani wenye chumvi, au maji ya kisima yaliyochanganyika na ya bahari, jambo ambalo huwezekana sana upande wa Kipini. Chumvi hula nondo. Na wengi hulimwaga zege saa sita ya mchana katika upepo mkavu, wakaliacha bila kulimwagia maji, likapasuka kabla halijawa na siku tatu.

Ya saba ni ardhi. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa bonde la Tana hufura unapolowa na hupasuka unapokauka. Nyumba yenye msingi mfupi juu ya udongo huo hupanda na kushuka kila msimu, nalo paa halina budi kupasuka pamoja nayo. Ufa wa namna hiyo hushuka mpaka katika kuta, mara nyingi kwa kukingama, na hufunguka na kujifunga kwa majira. Hakuna rangi wala saruji ya juu itakayouponya, maana ugonjwa uko chini.

KWA NINI KIRAKA HAKIPONYI

Kila mtu anaijua methali isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ni methali ya kweli, lakini wenye mapaa ya zege wameichukua nusu. Wameziba ufa bila kuuliza ni nani aliyeupasua.

Kwanza, mahali maji yanapodondoka chumbani sipo mahali yanapoingilia. Maji huingia kwa ufa wa juu, husafiri ndani ya zege kufuata nondo au mpira wa nyaya za umeme, na hudondoka mbali, pengine karibu na taa. Anayepaka saruji chini, kwenye dari ya chumba, hufunga njia ya kutokea tu. Maji hubaki ndani, yakizila nondo gizani, na mwenye nyumba hudhani amepona.

Pili, saruji iliyopakwa juu ya ufa unaotembea hupasuka tena, kwa kuwa saruji haivutiki. Ufa unaofunguka na kufunga kila siku hutaka dawa inayonyumbulika kama mpira.

Tatu, kiraka hupakwa juu ya vumbi, ukungu na rangi kuukuu. Hakishiki. Baada ya msimu mmoja huinuka ukingoni, na maji yakaingia chini yake.

Nne, na hili ni la hatari, wengine kila mwaka huongeza tabaka jipya la saruji juu ya lile la zamani. Tabaka la sentimita 5 lina uzito wa kilo 100 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Juu ya paa lile la mita za mraba 96, tabaka moja tu ni kama tani 10. Mwenye duka aliyeongeza matabaka mawili amewawekea watu wake tani 20 kichwani, juu ya zege ambalo nondo zake zaliwa na kutu. Paa haliongezewi uzito hata kidogo bila kumwuliza mhandisi.

KUTU HAINA HURUMA

Kuvuja huonekana kuwa udhia tu: ndoo sakafuni, godoro lililolowa, madoa ukutani. Lakini kuvuja kwa muda mrefu ni jambo la maisha na kifo. Chuma kikishika kutu huvimba, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoharibika. Uvimbe huo hulipasua zege kutoka ndani, na vipande huanguka bila ya taarifa. Chini yake huenda amelala mtoto, au wamekaa wagonjwa wakingojea dawa.

Dalili zake zaweza kuonwa na kila mtu. Ziko mistari ya rangi ya kahawia inayofuata njia za nondo. Uko weupe kama chumvi. Zege hutoa sauti ya utupu likigongwa kwa mpini wa nyundo. Paa huonekana limelegea katikati. Pengine nondo zaonekana kwa macho. Mwenye kuona dalili hizo asimwite mpaka rangi. Kwanza awatoe watu katika chumba hicho, aondoe tangi la maji na mizigo yote iliyo juu, kisha amwite mhandisi alitazame. Kulipia ushauri wa mtu mmoja ni rahisi kuliko kuzika.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Ikiwa paa ni zima na lavuja tu, kazi ifanywe wakati wa kiangazi, zege likiwa kavu kabisa. Utaratibu wake ni huu.

Paa lote lifagiliwe na kusuguliwa kwa brashi ya waya. Viraka vilivyolegea vibanduliwe vyote, hata kama viligharimu fedha nyingi. Miche iliyoota katika nyufa ing'olewe pamoja na mizizi yake, maana mche wa mkuyu ulioletwa na ndege waweza kulitenga jiwe na jiwe.

Kisha mteremko upimwe kwa mpira wa maji, kama mafundi wapimavyo msingi. Kiasi kinachofaa ni sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja, na kisipungue nusu ya hicho. Palipo na mabonde pajazwe kuelekea kwenye mlizamu. Ikiwa kujaza huko kutakuwa kwingi, mhandisi aulizwe kwanza, kwa sababu ya uzito uliokwisha kutajwa.

Nyufa zinazotembea zichimbwe kidogo mpaka ziwe kama mfereji, zifutwe vumbi, na kujazwa dawa ya mpira inayouzwa kwa kazi hiyo, wala si saruji. Kona zote, pale paa linapokutana na kikuta, zijazwe mviringo kidogo, maana utando wa lami ukikunjwa kwenye kona kali huvunjika.

Ndipo paa livishwe nguo moja isiyo na tundu. Yaweza kuwa karatasi nene za lami zinazopashwa moto na kushikizwa, au dawa ya majimaji inayopakwa kwa brashi mara mbili au tatu, na kitambaa chake cha kuitia nguvu katikati. Karatasi za lami zianze kulazwa upande wa chini penye mlizamu na kupanda, kila moja ikiilalia ya chini yake kwa sentimita 10 au zaidi, kama makuti yapangwavyo. Hakuna fundi wa makuti anayeanza kileleni, naye fundi wa lami asianze huko. Nguo hiyo isiishie penye kona. Ipande juu ya kikuta kwa sentimita 15, na mwisho wake uingizwe katika mfereji mdogo uliochongwa ukutani na kuzibwa, ili maji yanayoteremka kwa ukuta yasipite nyuma yake. Kadhalika izungushiwe kila nguzo na kila bomba. Nondo za nguzo za kesho zisuguliwe kutu na kupakwa dawa, na kichwa cha nguzo kifunikwe.

Milizamu iwe miwili au zaidi, yenye upana wa sentimita 10, na itokeze mbali na ukuta. Zaidi ya hiyo, liachwe tundu moja la dharura katika kikuta, juu kidogo kuliko milizamu. Maji yakionekana yakitoka katika tundu hilo, kila mpita njia atajua ya kuwa milizamu imeziba, nalo paa halitabeba ziwa.

Kabla fundi hajalipwa sehemu ya mwisho ya ujira wake, milizamu izibwe na paa limwagiwe maji ya kina cha sentimita 3, yakae siku nzima, mchana na usiku. Chumba kikibaki kikavu, kazi ni njema. Jaribio hilo huweka kilo 30 juu ya kila mita ya mraba, kwa hiyo lisifanywe juu ya paa lililoonyesha dalili za kutu.

Mwisho paa lipakwe rangi nyeupe inayofaa kwa lami. Weupe hurudisha jua, zege hupungukiwa na joto, nyufa hazitembei sana, nao waliomo ndani hulala vizuri zaidi. Tangi lisiburutwe juu ya nguo hiyo wala sahani ya televisheni isipigiliwe misumari ndani yake. Viwekwe juu ya vitako vilivyotengenezwa mapema. Na maji yanayotoka katika paa la lami yatumike kwa kufulia na kumwagilia bustani, yasiwe ya kunywa.

ANAYEJENGA SASA

Yeye ambaye bado hajamwaga zege ana bahati kubwa, maana kwake kinga ni rahisi. Mteremko aufanye katika mbao zenyewe kabla ya kumwaga, pasiwe na haja ya kuongeza uzito baadaye. Mchanga wake uwe wa mto, uliooshwa, na maji yake yawe matamu. Zege lisizidishiwe maji. Limwagwe lote kwa siku moja, asubuhi mapema au jioni, kisha lifunikwe magunia na kuloweshwa kwa siku 7, au 14 wakati wa upepo mkali. Msingi ufike chini ya udongo unaopasuka, au ujengwe kwa ushauri wa mhandisi. Na kama hana nia ya kweli ya kujenga ghorofa, na ajiulize kama mabati yenye mwinamo mzuri hayatamfaa zaidi.

KAZI YA MACHI NA YA SEPTEMBA

Katika nchi ya Tana mvua huja mara mbili: masika, yanayoanza yapata mwezi wa Aprili, na vuli, inayoanza yapata Oktoba. Basi siku mbili katika mwaka zatosha kuliokoa paa: moja mwezi wa Machi na nyingine Septemba. Siku hiyo mwenye nyumba achukue ufagio, ndoo na ngazi. Afagie paa, azibue milizamu, atazame kona na nguzo, aguse kingo za lami kama zimeinuka, na amwage ndoo mbili tatu kuona maji yaelekea wapi. Kamati ya shule na ya zahanati iandike katika daftari tarehe, kilichoonekana, na kilichofanywa. Mwalimu mkuu hupata uhamisho na mganga pia, lakini daftari hubaki.

Watu wa Garsen wana sababu nyingine ya kutongoja. Wazee hukumbuka mafuriko ya 1961. Wengine waliyaona yale ya 1997 na 1998, ya 2018, na ya 2023. Mto ukipanda, barabara hukatika, lori la saruji halifiki wala karatasi ya lami haipatikani, na fundi aliye Malindi hubaki Malindi. Majuma hayo ndiyo watu wanapoyahitaji zaidi majengo makavu: zahanati kwa dawa za malaria na kuhara, shule kwa wale ambao nyumba zao zimezama, ghala kwa chakula cha msaada. Paa ambalo halikutazamwa mwezi wa Machi halitapata tabibu mwezi wa Mei.

Mkulima wa Tana haungojei mto ufurike ndipo achimbe mfereji wa shamba lake. Huchimba wakati wa jua, maji yakiwa mbali, na jirani asiyejua huenda akamcheka. Na afanye vivyo hivyo juu ya paa lake: ainamishe zege, afungue milizamu, alivishe nguo, naye alitazame mara mbili kwa mwaka. Maji yatakuja kama yalivyokuja siku zote. Yakiikuta njia yao yatapita.